Kufunga taa juu ya tangi la samaki bila kuuzibia mkono njia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila mtu anapohama kutoka tangi la kwanza, lile dogo lililokuja na mfuniko wake, kwenda tangi la wazi ambalo taa yake anaitafuta mwenyewe. Kama ndiyo unaanza, soma sehemu ya kwanza yote. Mwenye tatizo moja tu aruke hadi lilipo.

## Mambo ya msingi

1. Taa si naiweka tu juu ya kioo? Kuna haja gani ya kuifungia kitu?

Kuiweka unaweza, na siku ya kwanza hutaona ubaya wake. Utauona kazi za kila wiki zikianza: kufuta mwani kwenye kioo, kupogoa mimea, kunyonya uchafu wa chini, kumtoa konokono aliyefia nyuma ya gogo. Kila mara taa iko njiani. Unaichomoa, unaibeba kwa mikono miwili, unatafuta pa kuiweka. Yangu ya kwanza niliilaza sakafuni, nikarudi kinyumenyume na ndoo ya maji, nikaikanyaga.

Halafu, kazi yenye usumbufu huahirishwa. Anayepoteza dakika tano kuondoa taa ili afanye usafi wa dakika kumi ataishia kuufanya mara moja kwa mwezi, na maji yatamsema. Ndiyo maana kila njia ya kufunga taa naipima kwa swali moja: je, naweza kuiondoa njiani kwa mkono mmoja mkavu, bila kuchomoa waya na bila kutafuta pa kuiweka? Huko mbele nitakiita kipimo cha mkono mkavu, kwa sababu mkono wa pili karibu kila mara umelowa.

2. Niache nafasi kiasi gani kati ya taa na tangi?

Kwa taa isiyosogea, acha sentimita 25 hadi 30 kutoka ukingo wa tangi. Chini ya hapo kiganja kitapita lakini kiwiko hakitapata pa kukunjika.

Angalia pia kina. Kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, mtu mzima ana kama sentimita 45. Tangi lenye kina kinachozidi hapo linakulazimu uzamishe mkono hadi karibu na bega, na bega likiinama, kichwa nacho kinakuja juu ya maji. Hapo sentimita 30 hazikusaidii. Paji la uso litakutana na taa. Tangi lenye kina kirefu linataka taa inayopanda juu kabisa au inayokaa pembeni wakati wa kazi.

Kabla hujatoboa chochote, kata kipande cha boksi chenye ukubwa wa taa, mwombe mtu akishike pale unapotaka taa ikae, kisha jaribu kugusa kona ya nyuma, chini kabisa, ile iliyo mbali na mkono unaoutumia. Ukigonga boksi, utagonga na taa.

3. Nikiipandisha taa, mimea haitakosa mwanga?

Mwanga utapungua, ila si kwa kiasi ambacho wengi hukihofia. Kosa la kawaida ni kupima umbali kutoka taa hadi uso wa maji, wakati mmea uko chini zaidi. Pima hadi kwenye majani. Tuseme taa iko sentimita 10 juu ya maji na majani yako sentimita 40 chini ya maji: jumla ni 50. Ukiipandisha taa hadi 30, jumla inakuwa 70. Taa fupi inayotoa mwanga sehemu moja hufifia kwa mraba wa umbali, kwa hiyo majani yatabaki na karibu nusu ya mwanga wa mwanzo. Taa ndefu inayokaribia urefu wa tangi hufifia polepole zaidi, na kwa hesabu hiyo hiyo yatabaki na takribani asilimia 70.

Jambo la kulitazama zaidi ni mwanga unaomwagika nje. Lenzi ya nyuzi 90 hutandaza mwanga upana mara mbili ya kimo chake. Ya nyuzi 120 hutandaza karibu mara tatu na nusu. Taa ya nyuzi 120 iliyo sentimita 30 juu ya maji inaangaza eneo la zaidi ya mita moja. Kama tangi lako lina upana wa sentimita 40, sehemu kubwa ya umeme unaolipia inamulika ukuta. Ukitaka taa ya juu, chagua yenye lenzi inayokusanya mwanga.

Na tangi jipya huugua zaidi kwa mwanga mwingi kuliko kwa mwanga mchache. Anza na saa 6 hadi 8 kwa siku, ukitumia taima, uone mwani unasemaje.

## Kuchagua njia

4. Sina muda wa kusoma yote. Nichague ipi?

Tangi lenye urefu usiofika sentimita 60: miguu ya ukingoni inatosha. Kati ya 60 na 120: fremu inayotoka kwenye stendi. Zaidi ya hapo: ning'iniza kutoka darini, kama nyumba ni yako. Mkono wa ukutani, yaani kishikizo kinachotokeza ukutani na kubeba taa, unafaa ukubwa wowote, ilimradi ukuta ni imara na tangi liko karibu nao. Boksi la mbao, lile linalofunika tangi juu na taa ikiwa ndani yake, nimeliweka mwisho makusudi.

5. Taa yangu ina miguu ya kukaa ukingoni. Nitaipangaje isinizuie?

Isogeze nyuma. Hakuna sheria inayosema taa ikae katikati. Taa yenye upana wa sentimita 12 ikisukumwa nyuma ya tangi la upana wa 40 inakuachia zaidi ya sentimita 25 mbele, na hiyo ndiyo njia ya mkono. Bandika kipande chembamba cha mpira au plastiki laini chini ya kila mguu ili iteleze bila kukwaruza kioo. Kama bado hujanunua, tafuta ile ambayo miguu yake ina bawaba, unainua taa upande mmoja kama kifuniko cha sanduku. Inafaulu kipimo cha mkono mkavu bila jasho.

Miguu mirefu ya kuongezea siipendi. Taa ikishapanda kiasi cha sentimita 15 juu ya ukingo, imekuwa mnara mwembamba unaosubiri kiwiko chako.

Kwa matangi yasiyo na fremu, wengine hutumia kibanio cha skrubu kinachoshika kioo. Kiwe na mpira pande zote mbili, kaza kwa vidole tu bila koleo, na usikifunge juu ya mshono wa silikoni kwenye kona. Kioo hubeba mzigo uliotandazwa vizuri, lakini hakivumilii kubanwa kwenye nukta moja.

6. Nataka kuning'iniza kutoka darini. Nianzie wapi?

Anza kwa kujua dari yako ina nini. Ubao wa jipsamu au plaiwudi peke yake usiupe kazi ya kushikilia taa juu ya maji. Tafuta boriti iliyo nyuma yake. Gongagonga ukisikiliza mlio unapobadilika kutoka mtupu kuwa mzito, au pitisha sumaku: itanasa kwenye vichwa vya skrubu zinazoshikilia ubao, na skrubu hizo zimefuata boriti. Kwenye zege mambo ni mepesi: toboa, ingiza plagi ya ukutani, kaza ndoano. Chagua ndoano na waya wenye uwezo wa kubeba angalau mara tano ya uzito wa taa. Taa ya kilo 3, basi kilo 15 kwenda juu.

Mahali pa kutoboa papatikane kwa timazi. Uzi wenye kitu kizito mwishoni, unaoushikilia darini na kuusogeza hadi ncha itue katikati ya tangi, hautakudanganya kama macho yatakavyokudanganya ukiwa juu ya ngazi. Na tafadhali, fanya kazi hii kabla ya kujaza maji. Kama tangi tayari lina samaki, zima pampu ya hewa, lifunike kwa shuka na plastiki, na mtu ashike kopo chini ya keekee. Vumbi la zege lina chokaa, na chokaa ikiingia majini inapandisha pH, kile kipimo cha uasidi wa maji.

Sasa njia ya mkono. Taa iliyoning'inizwa kwa kimo kimoja tu haina tofauti kubwa na taa ya miguu mirefu. Raha yake iko kwenye kapi. Weka kapi mbili darini juu ya ncha mbili za taa, peleka nyaya zote mbili upande mmoja hadi ukutani, ziunganishe kwenye kamba moja, kisha ifunge kwenye ndoano ya kufungia kamba. Fundo la kwanza ni kimo cha kawaida, la pili ni kimo cha usafi. Unavuta, unafunga, umemaliza. Usitumie kamba ya nailoni: hunyumbuka, na baada ya miezi michache utashangaa taa imeshuka bila kuguswa. Waya wa chuma uliosokotwa hukaa pale ulipouacha.

Mwisho, ongeza waya wa akiba uliolegea, uliofungwa kwenye ndoano nyingine kabisa. Urefu wake uwe mfupi kiasi kwamba kamba kuu ikikatika, taa ibaki ikining'inia juu ya maji. Wengi huufunga mrefu mno, taa ikaanguka na kubembea ndani ya maji ikiwa salama kabisa na waya wake wa akiba.

7. Mkono wa ukutani unaweza kubeba taa nzito?

Suala si uzito peke yake, ni uzito mara umbali. Taa ya kilo 2 iliyo sentimita 40 kutoka ukutani, kwenye bamba lenye sentimita 10 kati ya skrubu ya juu na ya chini, inaivuta skrubu ya juu kwa nguvu ya kama kilo 8. Bamba likiwa na sentimita 20, nguvu hiyo inashuka hadi kilo 4. Kwa hiyo chagua bamba refu kwenda juu hata kama linaonekana kubwa kupita kiasi.

Kwenye ukuta wenye uwazi ndani, plagi ya kawaida itachomoka siku moja. Tumia zile zinazofunguka nyuma ya ukuta, au pigilia ubao unaounganisha nguzo mbili za ukuta kisha funga mkono kwenye ubao. Usitoboe moja kwa moja juu au chini ya soketi. Nyaya hupita huko.

Mkono wenye bawaba, unaofunguka kama geti, ndio bora kuliko yote. Taa inakwenda pembeni yenyewe, juu ya tangi panabaki peupe.

8. Nyumba ni ya kupanga, siruhusiwi kutoboa kitu. Nifanyeje?

Jenga fremu kutoka kwenye stendi. Paipu ya chuma au alumini ya milimita 20 hadi 25 inapanda nyuma ya stendi, inapinda juu ya tangi, na taa inafungwa kwenye ncha. Waya unapita ndani ya paipu, hauonekani. Ifunge kwenye stendi kwa vibanio viwili, kimoja juu na kimoja chini. Kibanio kimoja kitazunguka. Usiifunge kwenye tangi lenyewe kamwe.

Watu wengi hujenga upinde wenye miguu miwili kwa sababu unaonekana imara zaidi. Ni imara, lakini hausogei. Paipu moja yenye umbo la L, inayokaa ndani ya vishikizo vya duara, inaweza kuzungushwa nusu duara kama mlango. Kwa taa nyepesi mimi huchagua L kila mara. Kwa taa nzito, tengeneza upinde wa paipu mbili, nyembamba ndani ya nene, na tundu la pini kwa kila kimo.

Kuhusu kupinduka: tangi la lita 100 lina kilo 100 za maji peke yake. Taa ya kilo 2 haitaliangusha. Hatari ni wakati tangi halina maji, kwa hiyo funga taa mwisho.

9. Boksi la mbao linapendeza. Kwa nini hulipendi?

Kwa sababu kifuniko huwa hakina pa kukaa. Bawaba zikiwa nyuma, lazima kuwe na nafasi kati ya tangi na ukuta, na kitu cha kukishikilia wazi. Bila hivyo utakishikilia kwa kichwa. Nimefanya usafi hivyo mwaka mzima.

Ukiling'ang'ania, gawa kifuniko vipande viwili ili nusu ya mbele ijikunje juu ya nusu ya nyuma, acha matundu ya hewa juu na nyuma, na paka vanishi ya kuzuia maji ndani pia, hasa kwenye ncha za mbao zilizokatwa, maana hapo ndipo unyevu unapoingilia. Taa ya LED hutoa joto lake mgongoni. Ukiifungia ndani ya boksi lisilopumua, unaifupishia maisha.

## Umeme karibu na maji

10. Waya upite wapi?

Ushuke chini ya soketi kwanza, ndipo upande kuingia kwenye plagi. Tone la maji likifuata waya litadondoka pale chini kwenye mzingo badala ya kuingia ndani ya soketi. Adapta ikae pembeni na juu ya sakafu, isiwe chini ya tangi moja kwa moja. Soketi iwe kwenye mstari wenye kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachojizima umeme unapovuja.

Kama taa inasogea au kupanda, acha waya wa ziada wa kutosha kimo cha juu kabisa. Jaribu kabla ya kufunga kila kitu. Waya unaokazika taa ikiwa juu utaanza kuchoka pale unapoingilia kwenye taa.

11. Namba za IP zina maana gani?

Zinaonyesha kinga ya kifaa: tarakimu ya kwanza ni dhidi ya vumbi, ya pili ni dhidi ya maji. IP20 haina kinga yoyote ya maji. IP44 huvumilia matone yanayorukia kutoka pande zote. IP65 huvumilia maji ya kupuliziwa, na IP67 kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. Kwa taa ya juu ya tangi la wazi nisingeshuka chini ya IP44, na kwa taa ya miguu ningetaka IP67, kwa sababu ndiyo inayoanguka. Kumbuka namba hiyo mara nyingi ni ya taa yenyewe. Adapta ina ya kwake.

12. Taa imetumbukia majini. Nifanye nini?

Usiingize mkono. Zima kwenye swichi kuu, kisha chomoa plagi, ndipo uitoe. Ikaushe siku kadhaa, na kama ndani ya kioo chake kuna ukungu, usiiwashe tena.

## Matatizo ya kila siku

13. Nikipandisha taa, mwanga unaniingia machoni nikiwa nimekaa.

Weka kingo kwenye upande wa mbele wa taa: ukanda wa alumini au plastiki nyeusi, wenye upana wa sentimita 3 hadi 5. Kaa kwenye kiti chako cha kawaida na uushushe mpaka usione nukta za mwanga. Usizibe mgongo wa taa. Joto linatokea huko.

14. Kioo cha kufunika tangi kinapunguza mwanga?

Kikiwa safi, kidogo tu. Kikiwa na magamba meupe ya chokaa, sana. Kifute kila wiki, na magamba yakishakauka tumia siki, kisha suuza vizuri kabla ya kukirudisha.

15. Taa inayumba kila feni ikiwashwa.

Nyaya zako zinashuka wima. Zifunge ziwe na umbo la V, ncha mbili darini, moja mbele na moja nyuma, na ya chini kwenye taa, kila upande wa taa. Kuyumba kwa mbele na nyuma kutapungua mara moja.

16. Tangi ni la maji ya chumvi. Kuna cha kubadilisha?

Vyuma. Chumvi hutambaa na kupanda kila mahali mapovu yanapopasukia, na skrubu ya kawaida huota kutu ndani ya wiki chache, kisha kutu hiyo inadondokea kwenye maji. Tumia chuma cha pua cha daraja la 316, si 304, au alumini iliyotiwa ngozi ya kuzuia kutu. Futa fremu kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kila unapobadilisha maji ya tangi.

## Hali za pekee

17. Tangi langu lina mhimili wa kioo katikati, na mkono unapita upande mmoja tu.

Mhimili huo unazuia vioo vya mbele na nyuma visivimbe, usiutoe. Badala ya taa moja ndefu, tumia mbili fupi, kila moja na mkono wake. Unasogeza ile ya upande unaofanyia kazi, nyingine inakumulikia. Mimi naona mpangilio huu ni bora hata kwa matangi yasiyo na mhimili, maana taa moja ikifa, mimea haikai gizani ikisubiri nyingine.

18. Nina samaki wanaoruka. Taa ya juu si inamaanisha tangi la wazi?

Si lazima. Tengeneza fremu nyepesi yenye wavu wa plastiki unaopitisha mwanga, matundu yasiyozidi milimita 6, ikae ndani ya ukingo. Iwe ya vipande viwili ili ufungue kimoja tu wakati wa kulisha. Hapo taa ya juu ndiyo inayokufaa zaidi, kwa sababu haigusi wavu wala haina miguu ya kuzunguka.

19. Nimeshusha taa na matumbawe yameanza kuwa meupe.

Yameunguzwa na mwanga wa ghafla. Rudisha taa kwenye kimo cha zamani leo hii, au punguza nguvu yake. Yakitulia, shusha kwa sentimita 2 au 3 kila wiki. Weka alama ya kalamu kwenye paipu au kwenye waya kila unaposhusha. Kumbukumbu ya macho haiaminiki, na baada ya usafi utairudisha taa mahali pasipo pake.

20. Nina taa ya zamani ya metali halaidi. Maelekezo haya yanaihusu?

Ya mizigo na nyaya, ndiyo. Ya umbali, hapana: iache angalau sentimita 30 juu ya maji kwa ajili ya joto lake, na usiiwashe kamwe bila kioo chake cha kinga, kinachozuia mionzi ya urujuanimno na kuzuia matone. Balbu iliyowaka ikipigwa na tone baridi hupasuka. Ukitaka kuisogeza kwa ajili ya usafi, izime kwanza na uiache ipoe kabisa.